Mdomo wa Hakimu Cleave

Watu wanaonunua vitabu alivyovichora mume wangu huja dukani na kuuliza Ambrose Tuckwell alijifunzia wapi kuchora watu wakilia. Wanadhani nitawatajia chuo fulani cha wakubwa. Nawaambia hakusoma popote. Baba yake alikuwa mchonga vibao vya majina ya maduka, na yeye alianza kazi akiwa na miaka kumi na mbili, akichora wanasiasa wenye vichwa vya maboga. Kuchora mtu akilia alifundishwa na mjane mmoja, hapa hapa kwenye hili duka, na mimi nilikuwepo. Tena nilisaidia, ingawa yeye akisimulia hunisahau.

Lazima kwanza mjue tulikuwa watu wa namna gani. Tulikuwa tunauza dhihaka. Ambrose alikuwa anachukua bamba la shaba, analipaka nta nyembamba, anachora juu ya nta kwa sindano, kisha analimwagia tindikali. Pale sindano ilipopita tindikali inakula shaba, bamba linapakwa wino, linabanwa kwenye karatasi, picha inatoka. Mimi nilikuwa nazipaka rangi kwa mkono, moja moja, na wekundu wa pua za walevi ulikuwa ndio fahari yangu. Tukishamaliza tunazibandika dirishani, na nusu ya London inakuja kucheka bure. Wanunuzi walikuwa wachache, waziba njia ndio walikuwa wengi. Muuza samaki wa jirani alikuwa ananitukana kila Jumatatu kwa sababu wateja wake walikuwa wanashindwa kupita.

Na katika wote tuliowabandika dirishani, hakuna aliyechekwa kama Hakimu Josiah Cleave.

Ambrose alimwona mara moja tu. Alikwenda mahakamani kumtoa mchapaji wetu, ambaye alikuwa amelewa akamkumbatia askari, na akiwa pale akamsikia Hakimu Cleave akimpa mwanamke wa machungwa siku kumi na nne jela kwa kosa la kuuza kwenye ngazi za kanisa. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mgongoni. Ambrose alirudi nyumbani, hakuvua hata kofia.

"Hester," aliniambia, "amemfunga mama wa watu, halafu mdomo wake ukapanda upande mmoja. Ametabasamu. Nimemwona kwa macho yangu anatabasamu."

Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamgeuza hakimu kuwa bata mzinga aliyevaa wigi, anadonoa machungwa, na mdomo umepanda upande mmoja kwa dharau. Ilikuwa picha nzuri, siwezi kusema uongo. Niliipaka rangi nikicheka peke yangu. Asubuhi ya kwanza tu tuliuza nakala thelathini, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tufungue duka. Basi tukafanya ya pili, zikaenda thelathini. Tukafanya ya tatu. Tukasema mji mzima unamchukia huyu mtu kama sisi, na kwa miaka kumi na moja, kila tulipoishiwa makaa ya kuota moto, Ambrose alikuwa anamchora Hakimu Cleave. Alimchora hakimu bata, hakimu chura, hakimu buli la chai. Mwishoni alikuwa anaweza kumchora huku anabishana na mimi kuhusu bei ya nyama, bila hata kutazama bamba.

Masika ya mwaka wa kumi na moja hakimu akafa. Homa ya siku tatu tu, akazikwa. Ambrose alisoma habari gazetini, akasema itabidi tutafute mtu mwingine. Nilimwambia ana roho ngumu, naye akanijibu kwamba mwanamke wa machungwa hakuandikwa gazetini.

Wiki tatu baadaye, mchana, kengele ya mlango ikalia, akaingia mwanamke mfupi wa makamo aliyevaa nguo nyeusi tangu kofia hadi viatu. Alisimama katikati ya duka, akazitazama picha ukutani bila kuruka hata moja. Kisha akasema yeye ni Philippa Cleave.

Nyie, nilitamani sakafu inimeze. Kwenye meza yangu, mbele ya macho yake, mumewe alikuwa amelala akiwa buli la chai, wino bado mbichi, maana kulikuwa na mteja mmoja wa mwisho aliyeiagiza. Nikaweka bakuli la rangi juu yake. Nikawaza, haya, leo tutasemwa, na tusemwe, tunastahili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na sasa nguruwe mwenyewe alikuwa na mjane.

Lakini Bi Cleave hakuja kutusema. Aliomba kiti. Alikaa, akavua glavu, akaeleza shida yake polepole kama mtu aliyeifanyia mazoezi njiani. Alisema nyumbani kwake hakuna picha hata moja ya mumewe. Wachoraji wa heshima walikuja mara kadhaa kutaka kumchora kwa rangi za mafuta, kama wanavyochorwa mahakimu wote, na mumewe akawafukuza. Tangu picha ya kwanza ya bata hakukubali tena mtu yeyote mwenye penseli amtazame usoni.

"Mimi na yeye tumeishi miaka ishirini na sita," alisema. "Juzi asubuhi nimeamka, nikajaribu kumwona, uso ukanikatalia. Nimepata masharubu, nimepata paji la uso. Yeye mwenyewe sikumpata. Nimekaa kitandani hadi saa nne nikimtafuta mume wangu kichwani mwangu. Nikajiuliza, ni nani mwingine hapa duniani aliyeuangalia uso ule kwa miaka mingi? Ni wewe, Bwana Tuckwell. Wewe ndiye unayeujua."

Ambrose alikuwa amesimama na sindano yake mkononi kama mtoto aliyekutwa jikoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye huchora vichekesho tu, kwamba hata mchapishaji wa vitabu amemrudishia picha wiki ile ile, kwa sababu alimchora baba akimuaga binti yake na kila aliyeiona alicheka. Alimwambia aende kwa mchoraji wa kweli.

Bi Cleave akamjibu kwamba mchoraji wa kweli hakumjua Josiah. Kisha akaongeza jambo moja, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akasema zile nakala thelathini za kila mara alizinunua mumewe mwenyewe. Alikuwa anamtuma mtumishi alfajiri azinunue zote ili majirani wasizione, kisha anazichoma moto. Kila alipochoma akawa anatumaini kwamba zimekwisha.

Hapo nilikaa chini. Miaka kumi na moja tulidhani mji unatuunga mkono, kumbe mteja wetu ni yeye! Alinunua ili tunyamaze, na sisi tukaona biashara inakwenda, tukaongeza. Nilimwangalia Ambrose, uso wake umekuwa mweupe kuliko karatasi. Nikamjibia mimi. Nikasema atachora, Bi Cleave, njoo Alhamisi.

Ambrose alipoketi kuchora, nilidhani itakuwa kazi ya saa moja. Mkono ulikataa. Alianza na paji la uso la binadamu, akifika puani tayari ni bata. Alichana karatasi sita. Nilimwambia achore kama anavyochora tufaha, asimchukie wala asimwonee huruma, achore tu. Hatimaye akapata uso wa mtu, mzee wa heshima, macho yamechoka kidogo, nyusi moja imepanda kuliko nyingine, mdomo umepanda kidogo upande mmoja lakini bila dharau. Haki ya Mungu ilikuwa kazi safi. Sikujua kwamba mume wangu anaweza kuchora hivyo, na nadhani hata yeye hakujua.

Bi Cleave alikuja Alhamisi, akaishika picha karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema inafanana na ndugu wa Josiah.

Ambrose akamuuliza kilichokosekana ni nini. Hakujua. Alisema pua ni ya Josiah, macho ni ya Josiah, kila kitu ni chake, ila mwenyewe hayumo. Ambrose akachora nyingine. Jumanne akaja, akaitazama, akatikisa kichwa. Akachora ya tatu, kubwa zaidi, akiwa halali vizuri na hali chakula. Nilimpikia pai ya figo, akaikatakata tu. Aliyataka mafanikio ya picha ile kuliko alivyowahi kutaka chochote, hata kuliko alivyonitaka mimi, na mimi alinifuata kwa miguu hadi Kent.

Ya tatu ndiyo iliyomvunja Bi Cleave. Aliitazama, akaiweka mezani taratibu, na kwa mara ya kwanza akalia mbele yetu.

"Kosa si lako, Bwana Tuckwell," alisema. "Picha ni nzuri mno. Ni mimi ndiye ninayemsahau. Huenda huyu ndiye Josiah na mimi simjui tena."

Nilimwambia aichukue hivyo hivyo, afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Akakataa. Alisema akiitundika ukutani, baada ya mwaka atakuwa anamkumbuka huyu wa kwenye karatasi, na yule wa kweli atakuwa amemzika mara ya pili kwa mikono yake. Jumamosi alikuwa anahama London, anakwenda kukaa na dada yake huko Norwich. Atapita kutuaga, alisema, na kama hakuna picha basi hakuna.

Jumamosi asubuhi Ambrose akaniambia niyakwangue mabamba yote ya Hakimu Cleave, hataki kuyaona. Shaba ni ghali, mtu haitupi. Unaikwangua, unaisugua, unachora kitu kingine juu yake. Basi nikatoa bamba la kwanza, lile la bata mzinga, nikaliweka juu ya meza kando ya picha ya tatu, nikaenda kutafuta kikwanguo.

Niliporudi nikasimama. Nilitazama bamba, nikatazama karatasi. Bamba, karatasi. Mdomo wa bata ulikuwa umepanda kwenda upande wa mlango. Mdomo wa hakimu kwenye karatasi nao ulikuwa umepanda kwenda upande wa mlango.

Sasa mtu asiye wa kazi hii atasema, si vizuri, vinafanana? Hapana. Hilo haliwezekani. Bamba likichapwa linageuka, kulia kunakuwa kushoto, ndiyo maana mchoraji wa mabamba lazima achore kila kitu kinyume, hata maandishi, ili kwenye karatasi yatoke sawa. Ambrose amefanya hivyo tangu akiwa na miaka kumi na mbili, wala hafikirii tena. Bamba na uso wa kweli wa mtu lazima vitazame pande mbili tofauti. Na hapa vilitazama upande mmoja.

Nilimwita kwa kelele hadi muuza samaki akachungulia.

"Ambrose, umemgeuza," nilimwambia. "Umemchora mara mia kwenye shaba, mkono wako umemzoea wa kwenye shaba. Huyu hapa kwenye karatasi yuko kinyume."

Alinibishia. Alisema yeye ana miaka thelathini katika kazi hii, na mimi ni mpaka rangi. Nikamwambia mpaka rangi ana macho mawili kama yeye, tena yangu hayana kiburi. Akaja, akatazama. Akashika bamba, akashika karatasi, akavitazama kwa zamu, kisha taratibu akaketi. Mazoea yana taabu, lakini sikuwahi kuona yakimtaabisha mtu namna ile. Hakimu yule, Ambrose alimwona kwa macho yake siku moja tu. Miaka kumi na moja iliyofuata alikuwa anamtazama wa kwenye shaba.

Akanyakua penseli ili amchore upya, sawasawa safari hii. Hakuweza. Mkono ulikuwa unateleza kurudi kule kule ulikozoea, na alipoulazimisha, mistari ilitoka kama ya mtoto. Alikuwa bado anahangaika, jasho linamtoka, kengele ya mlango ilipolia. Bi Cleave aliingia na mfuko wake wa safari, gari la farasi linamsubiri nje.

Ambrose alianza kuomba radhi. Mimi sikumpa nafasi. Nilichukua picha ya tatu, nikaenda dirishani, nikang'oa vichekesho vyote vilivyokuwa kwenye kioo cha katikati, nikaibandika pale, uso wa picha ukitazama barabarani na mgongo wa karatasi ukitutazama sisi. Jua la saa nne lilikuwa linapiga dirisha lile. Mwanga ukapita kwenye karatasi, na mistari ikaonekana kwa nyuma, yote, imegeuka.

Nikamwambia Bi Cleave asogee.

Alisogea hatua mbili, akasimama. Mfuko ulimponyoka, hakuuokota. Nilimsikia akivuta pumzi, na nilidhani ataanguka, nikamshika kiwiko.

"Josiah," alisema, kwa sauti ile ya kawaida ya mke anayemwita mume aliye chumba cha pili.

Ambrose ndiye aliyeuliza, akiwa nyuma yetu, kama ndiye.

"Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa. Na umempata pale pale penyewe, Bwana Tuckwell. Hivi ndivyo mdomo wake unavyopanda akitaka kuomba radhi na hajui aanzie wapi. Miaka ishirini na sita nimeuona huo mdomo mlangoni kwangu. Akichelewa, akinifokea, akivunja kikombe. Watu wengine walidhani anacheka."

Ambrose akamsimulia kuhusu mwanamke wa machungwa, siku ile moja, na mdomo alioudhania tabasamu.

Bi Cleave aliikumbuka siku hiyo. Alisema mumewe alirudi nyumbani akamweleza juu ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na hakula chakula. Nilimuuliza, maana mimi mdomo wangu hauna mlango, kama basi alimtoa jela. Akanitazama moja kwa moja. Alisema hapana, hakumtoa. Alisema sheria ni sheria. Lakini hakula, na hakulala. Sikumpenda hakimu zaidi kwa hilo, na siku kumi na nne za yule mama hazikurudi. Ila nilijua kwamba bata hakuwahi kuwepo, na kwamba sisi tuliuza bata miaka kumi na moja.

Ambrose akabandika karatasi safi juu ya ile ya dirishani, akaanza kufuata mistari kwa penseli, na mwanga ukimwongoza. Hakuongeza wala hakupunguza. Nje watu walikuwa wameshaanza kujazana, maana wakiona kitu kipya kwenye kile kioo wanajua kuna kicheko. Mmoja aliuliza kwa sauti huyu mzee ni nani, na yuko wapi mkia wake. Mwenzake akamwambia anyamaze, haoni kwamba ni mtu?

Alipomaliza aliishusha picha mpya, akaishika kwa mikono miwili mbele ya Bi Cleave, na badala ya kumkabidhi akabaki ameishikilia.

"Nisamehe, Mama," alisema.

"Mimi hukunichora," Bi Cleave alimjibu. "Mwambie yeye."

Nilidhani Ambrose atakasirika au atatania, maana ndivyo alivyo. Ukimbana anakimbilia mzaha. Hakukimbia. Aliirudisha picha kwenye kioo, akasimama mbele yake amevua kofia ya kazi, na akamwambia. Alimtaja kwa jina lake lote, Josiah Cleave, akamweleza alichomfanyia na kwa nini, na kwamba alikosea, na umati wa barabarani ukiwa umebana nyuso zao kwenye dirisha wakimtazama. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa analia. Bi Cleave alisubiri amalize, kisha akaniomba kamba ya kufungia picha.